Doa la Choya

"Sharbati gani inakuwa kijani, Siwema? Niambie! Sharbati gani hiyo?"

Hamisa alikuwa ameishika kanzu ya marehemu mumewe kwa mikono miwili, ameinyanyua juu ya ua wa makuti ili watu wa nyumba zote mbili waione vizuri. Kifuani mwa kanzu, kuanzia shingoni mpaka kitovuni, palikuwa na doa kubwa la kijani kinachoelekea buluu, na ndani ya doa vitundu vitundu, kama nguo iliyolaliwa na mende mwaka mzima.

"Mie sijui," Siwema akajibu kutoka upande wa pili wa ua. "Sharbati yangu nyekundu. Temeke nzima wanainywa."

"Nyekundu ya machoni! Nimeitia sabuni, ikageuka hivi huku naitazama. Mrututu huo, sumu ya buluu! Na mrututu wewe unao ndani, kila siku unajipaka mguu!"

"Wa kidonda, Hamisa. Nusu ya mtaa huu wana mrututu wa kidonda."

"Nusu ya mtaa huu hawakuachwa na Nassibu!"

Wanawake wa matangani, waliokuwa wakichambua mchele, wakainamisha vichwa kwenye nyungo zao, lakini hakuna hata mmoja aliyeendelea kuchambua. Hamisa alikuwa ndani ya eda, siku ya nne tu, na eda ilikuwa imemfunga miguu isitoke nje ya uwanja wake. Mdomo haikuufunga.

"Kaniacha mwaka wa sita huu," Siwema akasema taratibu. "Kama ni kumuua, ningengoja yote hiyo? Mwaka jana alipougua na wewe uko kwenu Mbagala, nani alimkorogea uji? Ulirudi ukaniambia ahsante, shoga. Siku ile sikuwa na mrututu?"

Sajini Romani Haule wa upelelezi alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kofia mkononi. Alikuwa ameingia na shikamoo zake, zikaitikiwa, akasahauliwa. Alipenda kusahauliwa. Watu wakigombana husema kwa dakika tano yale ambayo kituoni wangeyaficha kwa siku tano.

Mambo yalikuwa hivi. Nassibu alikuwa hamali wa bandarini, mtu wa makamo, mpole. Jumatano iliyopita alishinda na saumu yake akibeba magunia kwenye jua, akarudi, akaoga, akavaa kanzu, akakaa mkekani kungoja adhana ya magharibi. Adhana ilipolia akanyakua chupa ya soda iliyokuwa mbele yake, imejaa kitu chekundu, akaigugumia kwa kiu ya mchana mzima. Hakufika nusu. Mkewe aliyekuwa jikoni alisikia mlio ambao mpaka leo anauota. Hospitali walisema koo na tumbo vimeungua. Sauti haikurudi tena, na alfajiri ya Ijumaa akafa bila kutamka jina la mtu.

Ndani ya nyumba hizo mbili, aliyeuza sharbati ya choya, yale maua mekundu, kwenye chupa za soda alikuwa mmoja tu: Siwema, mtalaka wake.

Watu kumi na mmoja walinunua kwake Jumatano ile, na wote kumi na mmoja walikuwa wazima. Sajini alilieleza hilo kituoni. Bwana Inspekta, Mwingereza mwenye haraka zake, alimjibu kwamba hiyo inaonyesha tu kuwa mama huyo aliitia sumu chupa moja. Mkemia wa serikali, aliyepelekewa chupa na mabaki yake, alisema atatoa majibu baada ya wiki mbili. Bwana Inspekta hakuwa na wiki mbili. Kesho Jumanne, saa mbili asubuhi, Siwema atachukuliwa, atashtakiwa kwa kuua kwa kusudi, na kwa kosa hilo kila mtu uwanjani pale alijua kinachofuata ni kamba.

"Bi Hamisa," Sajini akasema, "naomba hiyo kanzu."

Hamisa aligeuka kama aliyeguswa na maji baridi. "Ichukue, baba. Mwonyeshe mzungu wako."

Sajini akaipokea, akapitisha kidole kwenye vile vitundu. Kingo zake zilikuwa ngumu, rangi ya kahawia, na alipozisugua kidogo uzi ukamong'onyoka kama majivu ya sigara. Kisha akainua macho. Kwenye ua, upande wa Siwema, kulikuwa kumeanikwa kitambaa kikuukuu cheupe. Na chenyewe kilikuwa na mabaka ya kijani.

"Bi Siwema, hicho nini?"

"Kitambaa changu cha kuchujia choya, mwanangu. Nikikifua na sabuni kinakuwaga hivyo. Tangu nianze biashara."

"Mwongo!" Hamisa akadakia. "Anachujia sumu!"

"Basi na sie tumeinywa," akasema bibi mmoja kwenye ungo, nusu kwa hofu na nusu kwa mzaha. "Mie tangu mwezi uandame sijaikosa."

Sajini akakiomba kitambaa. Akakikagua mbele na nyuma. Mabaka ya kijani yalikuwepo, tundu halikuwepo hata moja. Akavikunja vyote viwili mbalimbali.

"Na chupa ilifikaje mkekani?" akamwuliza Hamisa.

"Nishasema. Nilikuwa jikoni nakaanga. Nilipoingia kwa ule mlio nikaikuta chupa imelala, na sahani yangu kando. Kaileta juu ya sahani, ndiyo kawaida yetu mwezi huu, sahani zinakwenda na kurudi. Choya nimsingizie nani mwingine?"

"Ulimwona akiileta?"

"Sikumwona. Anayeleta sumu anaonekana?"

Sajini akaandika. Mfukoni mwake alikuwa tayari na kitu kimoja alichokiokota Ijumaa chini ya kitanda cha marehemu: kizibo cha chupa, upande wa chini kimekuwa cheusi na laini kama kilichochomwa motoni. Chupa za Siwema zote, alizihesabu ishirini na tatu, zilizibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa.

Ndipo yule bibi wa ungo akasema, "Si mumwulize mwalimu? Mwalimu Audax, mpangaji wa hapa kwa Hamisa. Huko shuleni anawafundisha watoto mambo ya ndimu na majivu, wajukuu wangu wananimalizia ndimu zote."

* * *

Shule ilikuwa mwendo wa robo saa kwa baiskeli. Sajini alifika darasa likiwa limepamba moto. Juu ya meza ndefu kulikuwa na vikombe vya bati vilivyotoka makwao: maji ya ndimu, ukwaju, mtindi, maji ya majivu, magadi, sabuni ya mche iliyokorogwa, chokaa. Kando yake sufuria ya maji ya choya, na vipande vya karatasi ya kukaushia wino vilivyochovywa humo vikaanikwa.

Mwalimu Audax alikuwa kijana wa Kihaya, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo. "Anjelina," akaita, "chovya kwenye majivu. Usimimine, chovya."

Msichana akachovya. Karatasi ikageuka kijani, darasa likapiga ukelele.

"Sasa hiyo hiyo, kwenye ndimu."

Karatasi ikarudi nyekundu kama aibu.

"Nani ameielewa? Ndimu ni nini?"

"Asidi!"

"Majivu?"

"Alkali!"

"Mwalimu," akasema mwingine kutoka nyuma, "tupime na jasho la Fransis, tujue ni sumu gani."

Darasa likaanguka kicheko. Mwalimu naye akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa bado usoni alipomwona askari mlangoni. Likabaki, lakini halikuwa tena lake.

"Karibu, Sajini."

"Ahsante, mwalimu. Sikukatizi. Nina somo la kuongeza."

Akakunjua kitambaa cha Siwema juu ya meza. Akaomba ndimu. Mwalimu akamwashiria Anjelina, Anjelina akakamua tone moja kwenye baka la kijani. Likawa jekundu. Sajini akatoa kipande alichokata pindoni mwa doa la kanzu, wasijue ni cha nini. Tone jingine. Nacho kikarudi chekundu.

Mwisho akatoa kikaratasi cha mrututu alichonunua dukani njiani. Akaukoroga ndani ya kikombe cha maji, akachovya leso yake mwenyewe, ikawa buluu. "Kamua ndimu hapo."

Anjelina akakamua. Akakamua tena. Buluu haikutikisika.

"Haugeuki, bwana," akasema msichana, kidogo kwa kusikitika, kama anayemwomba radhi mgeni kwamba kitu chake hakikufanya vizuri.

"Kwa hiyo hili doa si mrututu."

"Si mrututu," akasema Anjelina. "Ni choya iliyofuliwa na sabuni."

Watoto wakapiga makofi. Sajini akalishukuru darasa kwa heshima kamili, kama anavyoshukuriwa shahidi mahakamani. Kisha akaikunjua kanzu yenyewe, akaipeleka dirishani, akaiinua, na mwanga ukapenya kwenye vile vitundu, vidogo vidogo, ishirini, thelathini.

Mwalimu akatazama. Chaki ikamkatika mkononi.

"Mapumziko," akawaambia watoto. "Tokeni. Wote."

Walipobaki wawili, Sajini hakukaa na wala hakumwambia mwalimu akae.

"Ndimu hutoboa nguo?"

"Haitoboi."

"Choya?"

"Haitoboi."

"Kitu gani kinafanana na sharbati ya choya na kinatoboa nguo?"

Mwalimu alikuwa akifuta vidole kwenye suruali, na suruali ilikuwa imekwisha kuwa nyeupe. "Asidi kali," akasema.

"Kwa mfano?"

"Maji ya betri."

"Ukiyachanganya na choya?"

"Inakuwa nyekundu sana. Nyekundu kuliko zote. Ndiyo maana nilitaka waione."

Sajini akaweka kizibo mezani, upande mweusi juu. "Hiki unakijua?"

Mwalimu hakukigusa. Huko nje watoto walikuwa wakicheza rede, mtu akalengwa na mpira, akapiga kelele kwamba hakuguswa.

"Nilipewa maji ya betri gereji, njia ya Pugu," mwalimu akasema. "Nikayapunguza na maji, nikatia choya, nikaziba kwenye chupa ya soda. Jumanne usiku. Somo lilikuwa Alhamisi."

"Kwa nini nyumbani? Shule haina kabati?"

"Kabati halina kufuli. Watoto ni watundu. Nikasema nyumbani ndiko salama. Niliitia ndani ya kikapu, chini ya kitanda."

"Uliandika kitu juu ya chupa?"

"Hapana. Niliijua mwenyewe."

"Alhamisi?"

"Alhamisi asubuhi nikavuta kikapu, hamna."

"Ukamwuliza nani?"

Mwalimu akaanza kuvipanga vikombe vya bati.

"Mwalimu. Alhamisi asubuhi Nassibu yuko hospitali, koo limeungua. Nyumba nzima inalia kwamba kanywa chupa ya soda yenye kitu chekundu. Wewe unalala chumba kinachotazamana na chake. Umevuta kikapu, hamna chupa. Hukumwuliza hata mkeo?"

"Sikumwuliza."

"Kwa nini?"

"Niliogopa angenijibu."

Sajini akaandika maneno hayo kama yalivyo, kisha akafunga kalamu. "Na Bi Siwema je? Siku nne anatukanwa mbele yako. Maji ya kuoga mnachota kisima kimoja."

"Nilijiambia mkemia wa serikali ataona kuwa si yeye."

"Mkemia ni wiki mbili. Siwema ni kesho saa mbili."

Mwalimu akakaa. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kifuani.

"Mlikuwa na neno lolote na Nassibu?" Sajini akauliza. Lazima liulizwe. "Ugomvi? Choo, maji, kelele?"

"Alinibebea kitanda changu kutoka mjini mpaka Temeke, kichwani. Nilipotaka kumpa kitu akakataa, akasema mwalimu hulipwa, halipi. Huo ndio ugomvi wetu."

* * *

Walirudi kwa miguu, Sajini akiikokota baiskeli. Njia nzima mwalimu aliamkiwa na wazazi wa wanafunzi, "Habari za kazi, mwalimu," na kwa kila salamu akajibu "Nzuri." Jua lilikuwa limelala kwenye mabati. Moshi wa jikoni ulikuwa umeanza kutoka kila uwanja, mwezi wa Ramadhani saa kumi na moja jioni Temeke nzima hunuka vitunguu.

Uwanjani kwa Hamisa watu walikuwa wameongezeka. Habari kwamba askari amekwenda shuleni na kanzu zilikuwa zimefika kabla yake, na mtu asiyekuwa na kazi kule alikuwa amejitafutia moja. Siwema alikuwa amesimama penye pengo la ua, mguu wake mbovu ameuegemeza kwenye jiwe. Alipomwona Sajini hakuuliza kitu. Alivuta kanga kichwani, akangoja.

Sajini alijua chupa ilikuwa ya nani. Hakujua bado imetembeaje kutoka chini ya kitanda kimoja mpaka kwenye mkeka wa chumba cha pili. Akaanzia alipopata.

"Bi Hamisa, ile sahani iliyokuwa kando ya chupa. Unayo?"

Hamisa akaingia ndani akatoka nayo. Sahani ya bati, nyeupe, ina maua ya waridi katikati.

"Ni yako?"

"Yangu. Za harusi yangu hizi. Ninazo mbili tu."

"Ilikuwa wapi kabla ya Jumatano?"

"Jumanne nilipika kaimati, nikapeleka sahani zote mbili. Moja kwa huyu," akamnyooshea kidevu Siwema, "maana hata nikimchukia, mwezi mtukufu nyumba ya pili siwezi kuiruka. Na moja kwa mke wa mwalimu."

"Ya pili ikoje?"

"Ina ukingo wa buluu, haina maua."

"Kwa Bi Siwema ulipeleka ipi?"

Hamisa akafungua mdomo, akaufumba. "Sikuangalia. Nilikuwa na haraka."

Sajini akageuka. "Bi Siwema. Kaimati zako zilikuja kwenye sahani gani?"

Siwema akatazama chini. Hata alipoitwa mwuaji hakuwa ametazama chini.

"Bi Siwema?"

"Sijairudisha," akasema kwa sauti ndogo.

"Iko wapi?"

Akachechemea ndani kwake. Alikawia mpaka watu wakaanza kunong'ona. Aliporudi alikuwa amebeba sahani kifuani, kaifunika na ncha ya kanga kama mtu aliyeiiba. Sajini akaiinua kwenye mwanga wa jioni: nyeupe, ukingo wa buluu, haina maua.

"Sikuwa na cha kutia ndani," Siwema akasema. "Sharbati niliyobakiza niliiuza, nilitaka kwanza ninunue tende, nimrudishie na kitu cha maana. Halafu ndiyo yakatokea haya. Ningeirudisha tupu? Hamisa angenitangaza mpaka Keko."

"Ningekutangaza," Hamisa akasema, bila kujua kwamba amesema.

Sahani zilikuwa mbili. Moja haikuwa imetoka kwa Siwema tangu Jumanne. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Vichwa viligeuka kimoja kimoja kuelekea ukumbini, chumba cha kwanza kushoto, ambako pazia la maua lilikuwa limeshushwa.

"Kokuberwa," mwalimu akamwita mkewe.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, miezi saba tangu aletwe kutoka Bukoba kwa treni na meli. Alitoka, akaona watu, na kwa mazoea ya kwao akapiga magoti chini kumwamkia Sajini. Wanawake wa Temeke, waliozoea kumcheka kwa hilo, safari hii hawakucheka. Uso ulikuwa umekonda, midomo imekauka.

"Inuka, mama," Sajini akasema. "Jumatano jioni ulirudisha sahani ya maua?"

"Nilirudisha mimi."

"Na nini juu yake?"

"Chupa."

"Ulimpa nani?"

"Mzee Nassibu mwenyewe, mlangoni. Bibi alikuwa jikoni. Aliipokea kwa mikono miwili." Aliongea polepole, akilitafuta kila neno la Kiswahili kabla ya kulitoa. "Mume wangu alikuwa amekwenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Nilikuwa nafagia chini ya kitanda, nikaona chupa ndani ya kikapu. Nikasema, ameninunulia sharbati kwa Bi Siwema, anataka kunishtua. Nilifurahi. Halafu nikaona sahani ya Bibi, siku ya pili iko kwangu, mimi sijui kupika vitu vya huku. Nikasema, nitairudishaje tupu? Nikatoa ile yangu."

"Hukuionja?"

"Nilikuwa nimefunga."

Pakatokea minong'ono. Yule bibi wa ungo akasema kwa sauti, "Si Mkristo wewe, mwanangu?"

"Ndiyo. Lakini nyumba nzima hawali. Siku ya kwanza nilijifungia ndani nikala kiazi, nikasikia watoto wanapita ukumbini na njaa, nikaona haya. Tangu hapo nafunga nao. Hata leo nimefunga." Akamtazama Hamisa kwa mara ya kwanza. "Ningekuwa nimekula kama Mkristo, Bibi, ningeionja."

Hamisa alikuwa amekaa kwenye kigoda. Hakuna aliyeona amekaa lini.

"Kwa nini ukanyamaza siku zote hizi?" Sajini akauliza.

"Kwa ajili yake." Akamwonyesha Siwema. "Nilijua ni sharbati yake. Nikisema nimeikuta ndani, imenunuliwa kwake, ni mimi nimemtia kamba. Sikutaka. Yeye ndiye alinifundisha kuwasha jiko la mkaa. Nikasema, nikinyamaza labda hawatajua. Kisha kila siku wanamtukana zaidi."

"Haikuwa yake," akasema mwalimu.

Kokuberwa akamgeukia.

"Ilikuwa yangu. Si sharbati. Maji ya betri, ya somo. Mimi niliiacha."

Alimwambia hayo kwa Kiswahili, mbele ya wote, halafu akayasema tena kwa Kihaya, polepole. Kokuberwa alisikiliza mara zote mbili. Hakulia. Alinyoosha mikono yake mbele, akaitazama kama mtu anayeangalia kama imetoka na uchafu, kisha akaificha ndani ya kanga.

"Ulijua?" akamwuliza mumewe. "Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

Hakumwuliza tena kitu.

Sajini akafanya kazi yake, maana ndiyo iliyokuwa imebaki. Akaziandika sahani zote mbili, akazifunga gazetini. Akamtaka mwalimu atie sahihi maelezo yake. Kokuberwa hakujua kuandika, akatia dole gumba. Akamwambia Siwema, kwa sauti ya kusikika nyumba zote mbili, kwamba kesho saa mbili hakuna atakayekuja kumchukua.

Walitazamia apige vigelegele, au amgeukie Hamisa amrudishie matusi ya siku nne. Siwema akajishikilia kwenye ua, akaketi chini polepole kwa ajili ya ule mguu, akafunika uso. Ndipo alipomlilia Nassibu. Tangu Ijumaa hakuwa amepata nafasi. Mshtakiwa akilia watu husema anajisingizia. Alilia kwa sauti ya chini, ya mtu mzima, akimwita kwa jina la utani ambalo Hamisa hakuwahi kulisikia.

Hamisa alimwacha alie. Hakumkataza, wala hakumwuliza jina lile limetoka wapi.

"Itakuwaje kwao?" yule bibi akamwuliza Sajini, akiwaangalia mwalimu na mkewe.

"Hakimu ndiye atakayesema, mama. Mimi nitaandika nilichokisikia." Akafikiri kidogo. "Nitakiandika chote. Na kwamba alikuwa amefunga, nitaandika."

Adhana ikalia. Upande wa mbele, wanaume wa matanga wakasikika wakipitishiana maji. Uwanjani wanawake wakatandika mikeka, sinia la kwanza likatoka jikoni, muhogo wa nazi na samaki, mvuke ukipanda juu. Hakuna aliyekaa. Kila mmoja alikuwa akitazama upande ambao macho ya Hamisa yangeelekea.

Sajini akavaa kofia. "Twendeni," akasema. "Kituoni kuna mwendo."

Kokuberwa akaanza kufuata. Alikwenda hatua mbili, mguu ukamkosa, akashika nguzo.

"Sajini," Hamisa akaita. Hakuwa ametoka kwenye kigoda. "Mnamchukua sasa hivi?"

"Sasa hivi, bibi."

"Huyo ana njaa ya tangu alfajiri."

Sajini akangoja. Hamisa alikuwa akiutazama ukuta, si mtu. Mkono wake ulikwenda kwenye kata ya maji, ukaishika, ukairudisha, ukaichukua tena.

"Mwachie kidogo," akasema. Kisha, bado akitazama ukuta, akasogeza miguu yake kando, na mkekani pakapatikana mahali pa mtu mmoja. "Wewe. Nawa mikono. Njoo ukae hapa, ule."